Kochi la Nyuzi Sita

Jumatatu, 4 Agosti

Habari nzito! Mke wangu anastaafu. Ijumaa ya wiki ijayo wanamuaga palepale chumba cha nguo cha hospitali, alikofua, kupiga pasi na kukunja shuka tangu sote wawili tukiwa na meno kamili. Kutakuwa na chai. Keki. Hotuba, bahati mbaya. Na wimbo mmoja kutoka kwa familia.

Wimbo mmoja! Nikaruka kitini. Mgongo ukanikumbusha umri wangu. Nikakaa, nikaruka tena polepole.

Gitaa ninalo. Nililipata kwa kubadilishana na kiti cha kuzunguka nilichokishona kwa mikono yangu, maana mimi ni fundi makochi, na fundi makochi hastaafu, huishiwa wateja tu. Mwezi sasa najifunza. Nikamwambia mke wangu: usihangaike, wimbo ninao.

Akanitazama vile anavyotazama doa lisilotoka. Akasema, mzee, kuna jambo. Mkubwa wake wa kazi, Mama Msimamizi, keshasikia kwamba kaka wa mke wangu anapiga kinanda.

Shemeji! Nilijua tu! Kila penye keki yupo! Ana kinanda cha umeme chenye kitufe. Anabonyeza kitufe, kinanda kinajipigia chenyewe ngoma, tarumbeta na filimbi. Yeye kazi yake ni kutabasamu. Halafu watu wanampigia makofi yeye, si kitufe.

Nimekataa. Nimesema mume yupo hai, hajazikwa. Tumefikia hivi: Mama Msimamizi atakuja hapa nyumbani Jumatano ya wiki ijayo, atusikilize wote wawili, aamue. Yule mama ni mwangalifu. Inasemekana mwaka jana mume wa mtu aliimba mpaka keki ikalegea.

Nitapiga wimbo wa shuka. Hauna jina. Wanawake wa chumba cha nguo huuimba wakikunja shuka, wawili wawili. Mke wangu anauimba hata akikunja soksi. Naujua kuliko ninavyolijua jina langu.

Shemeji na ajiandae kula keki akiwa msikilizaji.

Jumanne, 5 Agosti

Darasani. Mwalimu wangu ni binti mdogo, anafundisha katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Ananiita babu. Mimi namwita mchumba. Leo kasema hawezi kuchumbiwa na mtu mwenye vidole vigumu kama miguu ya meza.

Nikampigia wimbo wote. Nikamwuliza nimepigaje.  Akauliza kama kuna mahali pameshika moto.

Eti nakimbia. Eti kila nikifika mahali pa kubadilisha vidole nasimama ghafla, halafu naongeza mbio kufidia. Nikamwambia haraka ni dalili ya ujuzi. Fundi mzuri hakawii na kochi la mtu. Akaniambia wahenga walishasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu wahenga hawakuwa na Jumatano ya wiki ijayo.

Amenipa kazi. Nisijifungie ndani na gitaa kama mtu anayemficha mgonjwa. Nimpigie mtu asikilize. Kisha nisimwulize "nimepigaje", maana hilo ni swali la kuomba sifa. Niulize: "Wapi nimeharibu?" Bora zaidi nimpigie mtu anayeujua wimbo wenyewe. Na jibu likija, nisibishane nalo.

Nikamwambia mimi si mtu wa kubishana. Akasema ndivyo nilivyo. Nikamwonyesha kwa hoja kwamba sivyo. Nikaendelea kumwonyesha mpaka muda wa darasa ukaisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimemtii mwalimu. Anayeujua wimbo ni nani? Mke wangu. Nikamfuata chumbani, yuko na tenga la nguo kavu, analalamika peke yake. Kuna wafanyakazi wapya kazini, tena wamewasha birika la chai na pasi kubwa kwa wakati mmoja, umeme ukakatika chumba kizima. Na tangazo lipo ukutani! Aliliandika yeye mwenyewe, kwa herufi za kuonekana hata na kipofu: BIRIKA NA PASI KUBWA VISIWASHWE PAMOJA. Vijana wa siku hizi hawasomi, anasema.

Nikamwacha amalize. Nikapiga. Nikamwuliza: si nimepiga vizuri?

Akaniambia: "Shika ncha hizi mbili."

Shuka! Mtu nauliza habari ya muziki, napewa kazi za ndani! Nikamwambia nataka maoni. Akasema hayo ndiyo maoni, njoo tukunje, utasikia mwenyewe. Kwa mwendo wangu ule, kasema, shuka ingekuwa sakafuni na mkunjaji mwenzangu angekuwa juu yake.

Nikakataa. Nimewaona wanawake wengi wajanja, lakini huyu kapita kiasi. Nikamwonyesha vidole, nyuzi zimevichubua. Basi akafunga ncha za shuka kwenye kitasa cha mlango, akawa anakunja na mlango. Anavuta, anakung'uta, anasogea, anarudi. Huku anaimba.

Nikaona ni nafasi nzuri, nikapiga naye. Nilipomaliza wimbo, yeye alikuwa katikati.

Maoni niliyopata leo: mke wangu yuko nyuma ya wimbo. Sitamwambia. Anastaafu, ana mawazo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyumbani hakuna haki. Nimekwenda kwa kinyozi, pale kona. Kinyozi ni mtu wa maoni; ana maoni juu ya serikali, mpira, na upara wangu. Nikasimama katikati ya duka nikapiga wimbo wote.

Kinyozi akasema: "Safi sana, mzee wangu." Wateja wakasema safi sana. Mmoja akasema Mungu azidi kunipa afya. Nimeuliza habari ya wimbo, nimejibiwa kama niliyetoka kulazwa!

Nikawabana. Nikauliza wapi nimeharibu. Wote wakaangalia chini, kwenye nywele. Kinyozi akasema, mzee wangu, wewe ni kama baba yetu, mtoto anamkosoaje baba? Wakanipisha kiti. Wakanifungulia mlango. Nilipotoka nikasikia wakikohoa wote kwa pamoja. Kifua cha ghafla.

Hapa ndipo penye tatizo. Ukifika umri wangu watu hawakuambii ukweli. Zipu ikiwa wazi wanakuambia umependeza. Nikitaka ukweli lazima niutege kama panya.

Nimepata njia. Ng'ombe hazeeki maini!

Jumamosi, 9 Agosti

Njia yenyewe hii hapa. Asubuhi nimejirekodi kwa simu. Nikarudi kwa kinyozi mikono mitupu, sura ya huzuni. Nikasema: wanangu, shemeji yangu kanitumia wimbo, anataka kuupiga kwenye kumuaga mke wangu. Mimi naogopa kumkosoa. Nisaidieni. Msimwonee haya, hayupo.

Nikabonyeza.

Kinyozi akazima mashine. Mteja alikuwa kichwa nusu. Akasikiliza, akasema: "Huyu shemeji yako anamkimbia nani?" Mteja wa kichwa nusu akasema kila mzee huyo akibadilisha vidole ni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na mvua inamnyeshea. Mwingine akasema ule si wimbo, ni kabati linashuka ngazi. Wa mlangoni akaomba nirudie, akamwita na mwenzake wa nje aje asikie.

Nilicheka! Nilicheka mpaka nikashika ukuta! Kabati linashuka ngazi! Shemeji leo kapatikana! Nikawaambia ongezeni, wakaongeza. Kinyozi akasema mtu huyo angekuwa na rafiki wa kweli angekuwa kashamwambia. Nikasema kweli kabisa, tatizo lake hana rafiki.

Sikuweza kuingoja kesho. Nikaenda moja kwa moja kwa Shemeji. Nikamkuta anafuta vumbi kitufe chake. Nikamwambia, shemeji, kwa uchungu wa ndugu, watu huko kwa kinyozi wameusikia wimbo wako, wanasema ni kabati linashuka ngazi.

Akataka kuusikia. Nikabonyeza. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

Kisha akaniuliza taratibu: "Shemeji, mimi nina gitaa?"

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji kaja kunywa chai. Hakualikwa. Kila nikitia sukari ananiuliza kama naweza kuitia bila kukimbia. Kikombe kilipogonga meza akasema, jamani, kabati hilo! Mke wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Mcheza kwao hutunzwa, walisema. Mimi kwetu nimetunzwa kicheko.

Baadaye Shemeji akawa mpole, na hapo ndipo nikamwogopa. Akasema, shemeji, sasa bila utani. Vidole vyako si vibaya. Punguza mwendo. Dada yangu akikunja shuka hakimbii, anaingoja ikae hewani kwanza. Na jingine, uzi ule mnene unakoroma.

Asante, nimesikia. Maoni ya mshindani ni kama chai aliyoionja mwingine. Ananitaka nipunguze mwendo ili nionekane mzee!

Lakini la kukoroma limenikaa. Nimepiga uzi ule peke yake. Kweli unakoroma. Nikachungulia ndani ya tundu la gitaa kwa tochi.

Tupu!

Sanduku zima, tupu kabisa! Hakuna springi, hakuna pamba, hakuna hata gunia! Maisha yangu yote sijawahi kumkabidhi mteja sanduku tupu. Ndiyo maana linakoroma. Kochi lisilojazwa nalo hukoroma ukilikalia. Mwalimu kasoma muziki, lakini ufundi hakusoma.

Jumatatu, 11 Agosti

Kazi imefanyika. Mikono ilikuwa na hamu!

Nimelegeza nyuzi. Nimekata sponji ile nzuri, nzito, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kochi la mtu mkubwa ambaye hakurudi. Nimeikata vipande vyembamba, nimepitisha kimoja kimoja kwenye tundu kwa ile sindano yangu ndefu iliyopinda. Pembeni nimejaza pamba. Kila kipande nimekipaka gundi, maana kazi isiyo na gundi ni ahadi tu. Nikafunga kwa kitambaa cheusi, nikapiga misumari midogo ya kichwa cha duara kuzunguka tundu. Limependeza. Ukiligonga linatoa sauti ya heshima, kama mlango wa gari la bosi.

Nimekaza nyuzi. Nimepiga. Kukoroma kumekwisha!

Na mengine yote yamekwisha pia, ukiacha mnong'ono mdogo. Huo ndio utulivu unaotakiwa chumba cha hospitali.

Jumanne, 12 Agosti

Sifa! Sifa tupu!

Nimepiga barazani asubuhi. Jirani mwenye mtoto mchanga, ambaye hajanisalimia tangu mwezi uliopita, kapita akaniambia siku hizi nimeendelea sana. Nikaenda kwa kinyozi, nikapiga wimbo wote. Kinyozi akasema safi sana, na safari hii hakuangalia chini. Alikuwa anamnyoa mtu, mashine inanguruma, akasema leo hata haikumsumbua. Hakuna aliyekohoa.

Nikapanda darasani kumwonyesha mwalimu mwanafunzi wake alipofikia. Nikapiga. Akanitazama mkono, akanitazama uso, akasogea. Akalaza sikio juu ya gitaa kama daktari. Akauliza kuna nini humu ndani. Nikasema siri ya ufundi.

Akaona misumari.

Aliipapasa mmoja mmoja kama aliyefiwa. Halafu akanieleza, polepole, kama anayeongea na mtoto wa chekechea: gitaa linatakiwa kuwa tupu. Sauti inakaa humo ndani. Na kukoroma kulitokana na kidole changu kutobonyeza vizuri. Nikamwambia samaki mkunje angali mbichi, yeye bado mbichi, ajifunze na ufundi wa wengine. Akasema, babu, nakuomba, ondoa vitu hivyo kabla ya kesho.

Nimejaribu. Kwa ajili ya heshima yake tu. Nimevuta kwa koleo, kwa waya, kwa uma wa kulia. Haitoki! Kuna kochi langu ofisi fulani limehamishwa, limenyeshewa, limepita kwenye moto, sponji iko palepale. Kazi yangu haitoki.

Nilikasirika. Halafu nikajisifu kidogo.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya hukumu. Mama Msimamizi kaja. Mwanamke mrefu, miwani shingoni, anakaa wima hata kwenye kochi langu linalomlaza kila mtu. Shemeji kaja na kinanda kimefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa.

Nikaanza mimi. Nikatoa yote niliyonayo. Jasho likanitoka. Nilipomaliza nikainamisha kichwa.

Mama Msimamizi akasubiri kidogo, kisha akauliza nitaanza lini.

Mke wangu akasema, amemaliza huyo. Mama Msimamizi akavaa miwani, kana kwamba kusikia ni kazi ya macho. Akasema kwa upole kwamba chumba cha nguo ni kikubwa, mashine zinanguruma, na yeye anadhani labda sauti yangu inafaa zaidi kwa... hakumalizia. Akaomba maji.

Shemeji akachomeka waya. Akabonyeza kitufe. Tarumbeta! Ngoma! Vikombe vikacheza kabatini! Yeye anatabasamu tu, kidole kimoja kinatembea juu ya kinanda kama sisimizi aliyepotea. Wimbo wa shuka haukuwemo hata kidogo. Mama Msimamizi akapiga makofi, akasema wimbo umepatikana.

Walipoondoka nilikaa nimelikumbatia gitaa langu. Mke wangu akaja, akakaa kando. Akachukua mkono wangu, akatazama ncha za vidole zilivyochubuka, akapaka mafuta kidole kimoja baada ya kingine.  

Nilitaka awe yeye anayepigiwa wimbo huo. Hilo tu. Miaka yote kauimba mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Basi! Huzuni haijengi. Nimerudi kwenye mipango.

Shemeji kaacha kinanda chake hapa kwetu ili kesho kibebwe kwa gari la hospitali. Kwetu! Chini ya pua yangu! Hakina betri, alizitoa akaziweka kwenye redio yake. Kinategemea waya tu. Nikachukua bisibisi. Nia yangu haikuwa kuharibu. Nilitaka kulegeza kidogo skrubu moja ndani ya plagi, basi, ilegee kama jino la mtoto.

Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kabati nikaona miguu. Naijua miguu ile.

Mke wangu akanyoosha mkono. Nikampa bisibisi. Akaitumbukiza mfuko wa aproni. Akasema haya, mzee mzima, mvi mpaka masikioni, anachokonoa waya wa shemeji yake! Akasema tunagombania kumuaga kana kwamba anakufa. Akasema mengi. Nilikuwa bado nimepiga magoti, ilionekana kama nakiri dini.

Alipochoka akaniuliza kitu kimoja. Kweli nataka kupiga, au nataka tu Shemeji asipige?

Nikasema yote mawili. Akangoja. Nikasema, nataka kupiga. Akauliza, kwa ajili ya nani? Nikasema swali gani hilo, mwanamke, kwa ajili yako, kuna mwingine anayestaafu humu ndani?

 Akatazama dirishani kwa muda. Kisha akasema kesho nibebe gitaa langu, likae pembeni.

Nikauliza la nini, na Shemeji keshachaguliwa. Akasema beba tu, mzee. Huenda kuna mtu akakosa pa kukaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike haraka kabla sijasahau utukufu wangu!

Chumba cha nguo kilijaa. Wakunjaji, wapiga pasi, wauguzi, dereva wa gari la nguo, hata daktari mmoja aliyefuata harufu ya keki. Jua la mchana linaingia kwa madirisha makubwa, shuka nyeupe kwenye rafu mpaka darini. Mke wangu kavaa gauni la bluu. Sijui kalitoa wapi. Nilimkodolea macho, akaniambia nifunge mdomo.

Hotuba. Hotuba nyingine. Shemeji akasimama, akachomeka waya, akatabasamu, akabonyeza. Tarumbeta! Mguu wangu wenyewe ukanisaliti, ukaanza kuchezacheza.

Mara tarumbeta ikakata pumzi katikati. Pa! Mashine kimya. Feni kimya. Shemeji anabonyeza, anabonyeza, tabasamu limebaki peke yake usoni halina wa kulisindikiza.

Watu wakageuka kumtafuta mkosaji. Na mkosaji ni nani? Mke wangu! Eti aliona chai imepoa, akawasha birika. Eti kitambaa cha meza kina kunyanzi, akawasha na pasi kubwa. Kasimama hapo katikati ya vitu hivyo viwili, chini kabisa ya tangazo lake mwenyewe, anasema, "Jamani, nimesahau!"

Nilimhurumia. Uzee huu! Mtu aliyewagombeza wenzake miaka yote kwa kosa hilohilo! Kustaafu kumemchanganya kabisa.

Wakamwita fundi umeme. Fundi akasema yuko njiani, maana yake yuko kitandani. Mama Msimamizi akatazama saa. Hapo mke wangu akasema kwa sauti, kama aliyekumbuka sasa hivi: mume wangu ana gitaa.

Nikatoka mbele. Nikaanza kupiga. Nikiwa nimefika mbali, mwanamke mmoja wa nyuma akaita: "Anza basi, baba!" Nilikuwa nimeshaanza! Kicheko. Mimi mwenyewe sikujisikia. Nikaongeza mbio ili nijisikie, nikapotea kabisa.

Mke wangu akachukua shuka rafuni. Akamrushia mwenzake ncha mbili. Akapita karibu nami akaninong'oneza: "Usitazame vidole. Itazame shuka."

Wakaanza kuimba na kukunja. Shuka ikapanda, ikajaa hewa kama tumbo la mtu aliyeshiba, ikakaa. Wakaingoja. Ikashuka. Kwa kuwa sikuwa nasikia kitu, sikuwa na jingine la kufuata ila shuka ile. Ikipanda, napiga. Ikikaa juu, nabadilisha vidole. Tena muda ulikuwepo! Tele! Vidole vikafika, vikatulia, vikaningoja na mimi. Wakisogeleana, nashuka na nyuzi zote. Wakiachana, napanda.

Wengine wakachukua shuka zao. Chumba kizima kikawa kinapanda na kushuka. Wa nyuma wakasogea mbele, wakainama wasikie ule mnong'ono wa gitaa. Hakuna aliyekohoa. Sikusimama pabaya hata mara moja.

Mwishoni shuka ikawa mraba mdogo mikononi mwa mke wangu. Akanijia, akaiweka magotini pangu. Macho yake yalikuwa na maji. Shemeji alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa foronya ya hospitali.

Halafu fundi akafika, umeme ukarudi na kinanda kikamalizia tarumbeta yake. Tulicheka sote. Hata mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepumzika, nimefikiri, nimeelewa kila kitu.

Kwanza, sponji. Sponji ndiyo iliyofanya kazi. Jana nimepanda kwa mwalimu kumshauri ajaze magitaa yake yote, nikamwambia nitamfanyia kwa upendo tu, na misumari juu. Akanishukuru akiwa ameshika mlango. Kisha akanipongeza, kasikia mambo yalikwenda vizuri, akauliza ni nani aliyenisaidia kupunguza mwendo. Nikamwambia sikupunguza chochote. Wanawake wale walikaza mwendo, wakanifikia. Akafunga mlango.

Kwa kinyozi nimewasimulia yote. Wamesema safi sana. Naona sasa kwamba tangu mwanzo walikuwa wanasema kweli.

Shemeji nimemsamehe. Nimejitolea kumjazia na kinanda. Kakipeleka kulala kwa jirani.

Na kubwa kuliko yote: mpishi mkuu wa hospitali naye anastaafu karibuni, na Mama Msimamizi kaleta mwaliko. Wanamtaka mke wangu aende na shuka. Kuhusu mimi, kasema naweza kumsindikiza. Msanii halisi haitwi, husindikiza. Safari hii nitaupiga haraka kidogo, watu wasichoke.

Sasa hivi nafanya mazoezi. Mke wangu yuko chumbani na tenga la nguo. Kaniita nikashike ncha mbili, kasema hana tena wenzake wa kazini wa kumshikia. Nikamwambia angoje, nina kazi. Nasikia keshafunga shuka kwenye kitasa cha mlango, anaimba.

Taratibu mno. Nimemvumilia, nimemvumilia, nikaona si haki kumficha mtu ukweli kwa sababu tu ya umri wake. Nikaenda mlangoni na gitaa langu. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa na bila kumvunja moyo, kwamba yuko nyuma ya wimbo.

Akafungua ncha kwenye kitasa, akanirushia shuka nzima kichwani.

Watu hawapendi maoni.